Scania ya Kopo

Kufuli lilipotewa na ufunguo zamani.
Nikalivunja kwa nyundo, asubuhi ya Jumamosi,
Mwanaidi akiuliza toka jikoni:
"Baba Tunu, siku hizi unajiibia mwenyewe?"

Ndani ya sanduku, magari saba.
Khanga iliyoyafunika imeliwa na mende;
jina lake limebaki nusu,
nami sitalimalizia.

Hili ni Landrova la debe la mafuta ya taa,
milango inafunguka, bawaba zake pini za nywele.
Hili ni Ikarusi, basi refu la kunesa katikati,
kiungo chake mpira wa tyubu ya baiskeli,
sasa umekauka, ukiukunja unalia.
Haya manne nitayasema siku nyingine.

Na Scania.

Tuliijenga mwaka wa foleni ya sabuni,
mimi na Mwinshehe Pazi, Gerezani,
nyuma ya mafundi wa Mtaa wa Lindi
waliotutupia vipande vya bati
kama mtu amwagiaye kuku punje.
Kichwa ni kopo la biskuti.
Taa ni vifuniko vya soda, tumevisugua kwa majivu.
Weusi wa bodi ni makaa ya betri
tuliyoyasaga juu ya jiwe mpaka tukawa weusi sisi.
Matairi ni ndala. Ndala za nani,
mama hakujua mpaka Ijumaa
alipotaka kwenda msibani.

Watoto wa mtaa wa pili walikuwa na magari.
Sisi tulikuwa na springi:
utepe wa plastiki wa kufungia mizigo,
tumeukata, tumeupanga jani juu ya jani.
Ukikata kona, Scania inalala;
ukinyoosha usukani, inainuka taratibu
kama tajiri anayeamka usingizini.

Chini ya chesisi tulikwaruza kwa msumari
herufi mbili, yake na yangu.
Kutu imekula moja.
Sisemi ipi.

Mwinshehe alipata utingo kwenye malori ya kweli.
Alirudi mara moja, na suruali ya kaki na sigara,
akaipakata Scania, akaizungusha gurudumu kwa kidole,
akasema, "Hii ina breki kuliko yetu."
Tukacheka.
Kitonga haikumrudisha mara ya pili.

Mwanangu, aliyesoma, anasema tupulize rangi mpya,
tuyatie kwenye kabati la kioo, yang'ae.
Nikamwambia, hiyo kutu ni mvi,
na mvi za watu hazipakwi piko bila ruhusa yao.
Nimeyafuta tu, kwa kitambaa na mafuta ya cherehani,
polepole, kama unavyomnawisha mgonjwa.

Kisha nikayapanga barazani, yote saba,
Mtoni Kijichi ikaja na kamasi zake na maswali.
"Babu, linachajiwa wapi?"
Huyo ni Shukuru, mjukuu wa jirani.
Nikampa fimbo ya usukani. Akasukuma.
Kutoka mdomoni mwake ukatoka mlio wa bajaji.

"Siyo hivyo," nikasema. Nikachuchumaa,
magoti yakatangulia kulia.
Nikabana midomo, nikatafuta,
maana kila kitu nilikitia sandukuni
isipokuwa mlio.
Upepo ukapita kwenye pengo la jino. Basi.
Nikajaribu tena, toka tumboni, toka Gerezani,
gia ya kwanza, mzigo wa saruji, mlima,
na ule mkoromo mzito ukaja,
ukanitikisa mashavu,
na Shukuru akaudaka, akaubeba, akapinda kona ya kisima,
na wenzake nyuma yake, wote wakinguruma,
Scania ikalala,
ikainuka.

Jioni Mwanaidi anatafuta ndala zake.
Amepata moja.
Ananitazama mimi, mtu mzima.
Nakunywa chai yangu kimya,
nikisikiliza uani
kisu kidogo kikikata mpira.